Picha ya Mwana wa Bi Pallister

Nilikuwa msimamizi wa vyumba katika Hoteli ya Carrow, pwani ya kusini ya Uingereza. Wageni wetu wengi walikuwa wazee waliokuja kupumzika wiki mbili wakabaki hadi kifo. Kila mmoja alikuwa na meza yake, chupa yake ya dawa na dirisha lake la kutazamia mvua.

Meja Lovibond alikuwa amekaa nasi miaka tisa bila kuzoeana na mtu. Masika ya mwaka 1932 akaja Bi Pallister, mjane mchangamfu, akamvuta nje ya ganda lake. Kila asubuhi walitembea ufukweni, yeye akiongea, Meja akicheka. Watu walianza kunong'ona habari za ndoa, nami nilifurahi.

Novemba, Bi Pallister alishuka kunywa chai akiwa na picha yenye fremu ya fedha. "Huyu ni Hugh wangu," akamwambia Meja. "Wa mume wangu wa kwanza, marehemu Tarrant. Vita vilinichukulia. Alhamisi angetimiza miaka thelathini na mitano. Utakaa nami tukate keki yake, Meja? Wewe mwanajeshi, utamwelewa."

Meja aliitazama picha ile, akaweka kikombe chini, akauliza Hugh alipenda kula nini na aliogopa nini, halafu akasema ndiyo. Kisha akaomba radhi, akapanda chumbani.

Jumatano picha haikuonekana. Bi Pallister alipekua chumba kizima huku akilia kama aliyefiwa upya.

Wageni walihuzunika, lakini siwezi kuficha kwamba walichangamka pia. Bi Quill, mwalimu mstaafu aliyemaliza hadithi zote za upelelezi kwenye kabati letu, aliwakusanya wote sebuleni baada ya chakula cha mchana.

"Fremu ni ya fedha," alisema. "Na ni nani anayeingia vyumba vyote bila kuulizwa?"

Macho yote yakamgeukia Doris Keeble, msichana wa usafi.

"Mimi?" Doris akashtuka. "Picha ya marehemu wa watu niipeleke wapi? Nikaitundike kwetu niiite mjomba?"

"Ulimi mrefu huo," Bi Quill akasema. "Bi Tranter, hebu upekue mfuko wake."

Bi Tranter ndiye mimi. Nilimjua Doris miaka mitatu, na moyoni niliamini hakuiba. Hata hivyo niliupekua mfuko wake mbele ya watu wote. Nilikuta kipande cha keki ya jikoni kilichofungwa kwenye leso.

"Cha mama," akanong'ona. "Ni mabaki tu."

Mwenye hoteli alimfukuza papo hapo. Meja, aliyekuwa ameketi kando ya moto, aligeuza ukurasa wa gazeti.

Kesho yake nilikuwa nikipanga mashati ya Meja yaliyotoka kufuliwa. Chini kabisa ya droo mkono wangu ukagusa fremu. Nilikuwa bado nimeishika alipoingia.

"Funga mlango, Bi Tranter," akasema.

"Meja, kwa nini? Yule mtoto wa watu kafukuzwa!"

Aliketi kitandani. "Wakati wa vita, mimi ndiye niliyemwandikia mama yake Hugh barua. Nikamwambia kijana alipigwa na bomu, hakuhisi maumivu. Uongo. Alikimbia mapigano, tukamkamata, akahukumiwa. Alipigwa risasi na wenzake, na aliyetoa amri ya kufyatua ni mimi." Akapangusa uso. "Alikuwa na miaka ishirini. Jina la Pallister halikunigutusha, maana barua ile niliipeleka kwa jina la Tarrant. Ile sura ndiyo iliyonigutusha. Ningekataje keki nayo ikinitazama?"

Nilitaka kumlaani na kumshika mkono kwa wakati mmoja.

"Utamwambia?" akauliza.

"Akijua, atakuwa amefiwa mara mbili," nikasema. "Lakini Doris lazima asafishwe."

Nikarudisha picha, nikasema mbele ya wote kwamba ilidondoka nyuma ya kabati la nguo na kwamba tulimwonea msichana. Bi Quill alisema hata wapelelezi wakubwa hukosea, akafungua kitabu chake.

Jioni ile nilikwenda kwa akina Keeble. Doris alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mwenye hoteli anakutaka urudi," nikasema. "Nami naomba unisamehe, mwanangu."

"Bi Quill hanijui, simlaumu," akajibu. "Wewe unanijua, ukaingiza mkono mfukoni mwangu." Akafunga mlango taratibu, na hilo liliniuma kuliko kama angeubamiza.

Meja alikuwa ameondoka kwa treni ya mchana siku hiyohiyo, kabla ya chai, bila kuacha anwani. Bi Pallister alikata keki peke yake. Nilipomletea maji ya moto alinishika kiganja.

"Bi Tranter, nilimkosea nini? Kwa miaka yote hii ndiye mtu pekee aliyeniuliza Hugh alipenda kula nini, aliogopa nini. Labda nilimwelemea na marehemu wangu."

"Hukumkosea, mama."

"Basi mbona ameniacha?"

Nikamwambia sijui. Akaniomba nimketishe mahali asipoona meza ya Meja. Nilimhamishia karibu na mlango, kwenye baridi, na hapo ndipo alipolia chakula chake kwa miaka minne iliyobaki ya maisha yake.