Jina Linalotamkwa Shimoni

Minazi yangu imezeeka kabla yangu, na jambo hilo linaniudhi. Aliipanda marehemu mama, hapa upande wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji. Vita vilipotulia, tuliporudi kutoka ukimbizini, tulikuta kumi na mmoja imeanguka na iliyobaki inazaa kwa kujilazimisha.

Huku kwetu mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukisimama kwenye ardhi ya mtu mwingine. Ndiyo maana tukimwazima mtu shamba tunamwambia alime muhogo, apande mpunga, lakini mnazi asiuguse. Mkwe naye ni hivyo hivyo. Mkwe akipanda, kesho akiachika, ana minazi kwenye kiwanja chako na humwondoi tena. Mimi sheria hiyo nilikuwa naishika kwa meno.

Mkwe wangu anaitwa Laila. Mume wake, mwanangu Sadique, yuko Afungi kwenye mradi wa gesi. Anapewa kazi miezi mitatu, anasimamishwa, anakaa Palma kungoja aitwe tena. Kwa hiyo aliyefyeka shamba langu misimu mitatu ni Laila, na mtoto mgongoni. Mwaka jana alilaza nazi arobaini nyuma ya jiko, kivulini, zikachipua vizuri. Nilimuuliza ni za nani, akasema, "Zetu, mama."

Alhamisi moja nilirudi mazikoni nikakuta miche kumi na mmoja imesimama pale minazi ya mama ilipoanguka.

"Nani kakuruhusu?" nikamuuliza.

"Sadique."

"Sadique hana hata mnazi mmoja hapa!"

Nilichukua jembe nikaing'oa yote mbele yake. Alikuwa ameshika ndoo ya kuimwagilia, akaiweka chini taratibu. Nilitaka anijibu vibaya ili nipate sababu. Hakunijibu vibaya.

"Mama, nikipanda muhogo, mwakani nimeula, umekwisha," akasema. "Nimekuwa mkimbizi miaka miwili kwa watu. Na shambani kwako nitakuwa mkimbizi mpaka lini?"

Asubuhi alifunga nguo zake, akatia kitambulisho kwenye mfuko wa plastiki, akambeba mtoto. Alikwenda Palma kujiandikisha kazi ya jikoni huko Afungi, kama wenzake wote tangu mradi ufunguliwe tena. Aliniaga kwa adabu zote, nami nikamwitikia bila kumtazama.

Wiki iliyofuata alikuja Momade, mkwezi wetu, aniangulie nazi. Alikwea minne mifupi, ile mirefu akaitazama tu.

"Magoti yamekataa, dada," akasema. "Tafuta kijana."

"Kijana gani? Wote wako Afungi."

"Basi panda mifupi." Akaona miche imelala juani. "Hii imekosa nini?"

Nikamwambia. Momade hakunilaumu, alikaa chini akasugua magoti, kisha akaniuliza mama yangu alikuwa mzaliwa wa wapi. Mzee huyu ana ujeuri wake, maana jibu analijua. Mama alitoka Awasse, akaja hapa kuolewa na baba. Alikuwa mkwe. Bibi mzaa baba ndiye aliyeita majirani, akamchimbia shimo la kwanza, akatia majivu na chumvi, akalitamka jina la mama mbele yao. Hadithi hiyo nimekua nayo. Sikuisahau hata siku moja, ila nilipolishika jembe sikutaka kuikumbuka. Niliona aibu mbele ya Momade.

"Kamwite mkeo," nikamwambia. "Na Wahida wa hapo jirani."

Miche mitatu ilikuwa imeshakauka. Minane tuliirudisha ardhini, majivu na chumvi kila shimo, na kila shimo nililitaja jina: huu ni wa Laila. Nilisema kwa sauti ili asitokee mtu baadaye, hata Sadique, akasema hakusikia.

Kisha nikampigia Laila simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za masufuria.

"Nimepata kontrato ya jikoni, mama," akasema. "Miezi mitatu."

"Fanya kazi yako, mwanangu. Minazi nimeirudisha. Ni yako."

Kelele zikapungua. Nikajua ametoka nje.

"Mashahidi nani?" akauliza.

Nilitaka kukasirika. Mtoto wa watu ananihoji mimi! Halafu nikaona ana haki ya kuuliza, maana neno langu alishaiona thamani yake siku ile ya jembe.

"Momade, mkewe, na Wahida."

"Mingapi?"

"Minane. Mitatu nimeiua. Nisamehe."

Akasikika akimwambia mtu kwa Kireno asubiri kidogo.

"Nyuma ya jiko imebaki ishirini na tisa," akasema. "Ukiichelewesha, mizizi itashikana. Mwambie Momade akusaidie mashimo, mama, usichimbe peke yako. Nafasi hatua tisa."

Momade alikuwa ameshakwenda zake. Nina miaka sitini na saba, na mnazi ukiwahi sana huzaa mwaka wa sita. Nilichimba mawili kabla ya alasiri, kiuno kikikataa, huku nalia, na sikujali nani ananiona. La tatu nililianza kesho yake, baada ya kumwagilia ile minane.