Njia ya Kwenda kwa Hakizimana

Siku Mzee Hakizimana alipopatwa na kiharusi, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na njia ya kushuka bondeni ilikuwa matope matupu. Gari la kumpeleka hospitali lilifika kwenye barabara iendayo Kabanga likasimama hapohapo. Dereva akasema hashuki. Basi majirani wakafanya kama walivyofanya baba zao. Wakafunga machela kwa miti miwili na blanketi, wakamlaza mzee, wakaanza kupanda naye kilima.

Jovitus alikuwa wa kwanza kushika mti. Hakuna aliyemwita. Yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, fundi cherehani anayejulikana hadi ng'ambo ya mpaka wa Burundi, mtu wa miaka arobaini na tisa, mnene, mwenye sauti ya kuongoza sala. Angesimamaje pembeni? Akauweka mti wa mbele begani na hatua ishirini za kwanza akazipiga kwa nguvu. Zilipofika hamsini, pumzi ilikuwa ikimtoka kama mvukuto wa mhunzi.

"Fundi, mpishe mwingine," akasema Anastazi, jirani aliyeshika mti wa pili.

"Twende," Jovitus akajibu.

Hatua chache mbele akaishiwa pumzi. Yeye hakuanguka, aliachia mti. Machela ikainama upande mmoja, na mzee, ambaye hakuweza kujishika wala kupiga kelele, akateleza kwenye blanketi akaangukia matopeni, uso chini.

Hakuna aliyemtukana Jovitus, na hilo ndilo lililomchoma. Koleta, mke wa mzee, alipiga magoti akamfuta mumewe uso kwa kitenge chake. Anastazi akamwita mtu mwingine kushika mti. Wakaondoka. Jovitus akabaki ameketi kando ya njia, mkono kifuani, akiwatazama migongo mpaka walipopotea kwenye migomba.

Kesho yake alikwenda zahanati. Muuguzi Priscila alimfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akasoma, akapima tena.

"Presha iko juu, Fundi. Na haikuanza jana. Mwaka jana nilikwambia nini?"

"Ulisema nitembee."

"Ukatembea?"

Jovitus akatazama sakafu. Kwa miaka ishirini alikuwa ameketi nyuma ya cherehani tangu asubuhi hadi jioni, na kila siku Anold, dereva wa bodaboda, alimchukua mlangoni kwake na kumrudisha mlangoni kwake, umbali ambao watoto wa shule huumaliza kwa kukimbizana. Alikuwa akiwacheka wanaotembea. Alisema amekwisha kutembea vya kutosha utotoni.

"Nusu saa kila siku," Priscila akasema. "Ikikushinda, anza na robo. Ila chagua wakati mmoja, usiubadilishe. Ukisema utatembea ukipata nafasi, nafasi huipati. Na usingoje uwe na hamu. Hamu utaikuta njiani."

Jioni ile Jovitus alifunga duka saa kumi na moja, akatoka kwa miguu.

Sasa, vijiji vile mtu hatembei bure. Anayepita ana jembe begani, au dumu la maji, au amefuata mbuzi aliyekata kamba. Anayepita mikono mitupu, jioni, akitoka jasho, watu husema huyo ana ugomvi nyumbani au ana deni. Wiki ya pili Anold alipunguza mwendo wa pikipiki akawa sambamba naye.

"Fundi, nimekukosea nini? Siku hizi hunipandi."

Jovitus alitaka kusema ukweli: kwamba anatembea ili siku nyingine asimwangushe mgonjwa. Lakini ulimi ukajiokoa wenyewe.

"Naenda kumjulia hali Mzee Hakizimana."

"Amerudi kutoka hospitali?"

"Amerudi jana."

Anold akatikisa kichwa kwa heshima. "Mungu akubariki, mwenyekiti."

Na kweli njia aliyoichagua ilielekea huko. Alipanda kutoka senta, akapita kisima, akashuka kwenye kilima kilekile cha matope mpaka kwenye mkaratusi mkubwa unaosimama juu ya boma la Hakizimana. Kutoka hapo aliona bati la nyumba, moshi wa jikoni, na mlango. Alisimama kidogo. Akajisemea kwamba leo amechoka, kesho ataingia. Akageuka akarudi.

Kesho yake akajisemea vilevile.

Wiki mbili zikapita, kisha mwezi. Mwili ulianza kumtii. Kile kilima alichokuwa akikipanda kwa kusimama mara tano, sasa alisimama mara moja. Alilala usiku kucha bila kushtuka. Suruali zikamlegea, akazipunguza kiuno mwenyewe kwa cherehani yake. Mkewe, Suzan, akamwambia, "Baba Wiston, hata hasira zako zimepungua." Ilipofika saa kumi na moja miguu ilimwasha kama ya ng'ombe anayejua saa ya kwenda mtoni. Ile hamu aliyoambiwa ataikuta njiani, aliikuta kweli.

Lakini kadiri mwili ulivyokuwa mwepesi, ndivyo moyo ulivyozidi kuwa mzito. Kwa maana uongo nao ulikuwa unatembea, tena kwa kasi kuliko yeye. Anold alimwambia Avelina, mweka hazina wa jumuiya. Avelina aliwaambia wanawake kisimani. Watu wakaanza kumsimamisha njiani. "Mzee anaendeleaje leo?" Naye akajibu, "Afadhali kidogo." Siku nyingine akasema, "Jana alikula vizuri." Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka laini, kama uzi unaopita kwenye sindano.

Jioni moja Avelina alimngojea mbele ya kwake akiwa na chupa ya maziwa, imefunikwa kwa jani la mgomba.

"Ng'ombe wangu amezaa. Mpelekee mzee, mwambie Avelina anamwombea."

Jovitus aliipokea. Angefanyaje? Chupa ilikuwa bado na uvuguvugu wa chuchu za ng'ombe. Akatembea nayo mpaka kwenye mkaratusi na hapo akasimama muda mrefu kuliko siku zote. Aliwaza kushuka. Akaona tena uso wa mzee matopeni. Aliwaza kurudi na chupa, Avelina angeiona. Jua lilikuwa linazama upande wa Burundi. Akatazama huku na huku, akaiinamisha chupa kwenye mizizi.

Kwetu maziwa hayamwagwi. Hata mtoto anajua. Yakimwagika kwa bahati mbaya, mama mwenye nyumba huguna kwa uchungu kama mtu aliyejikata. Jovitus aliyamwaga kwa mkono wake, yote, akatazama udongo ukiyanywa na sisimizi wakianza kukusanyika. Akasafisha chupa kwa majani. Njia nzima ya kurudi hakumsalimu mtu, na alipofika kwa Avelina akamrudishia chupa, akasema, "Ameshukuru sana."

Usiku huo alishindwa kula. Suzan alimwuliza anaumwa nini, akasema tumbo.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa Anastazi. Watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka, Jovitus kwenye kiti cha mwenyekiti, ndipo Koleta akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja tangu mumewe augue. Watu wakainuka kumpisha. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na sugu za kumgeuza mtu mzito kitandani.

Baada ya sala Avelina akasimama. "Kabla hatujatawanyika, nataka tumshukuru mwenyekiti wetu. Kila jioni, mvua au jua, yuko kwa Mzee Hakizimana. Sisi wengine tumekwenda mara moja, wengine hata hiyo moja hatujakwenda. Yeye hajakosa siku. Bibi Koleta yuko hapa, ni shahidi."

Watu wakapiga makofi. Jovitus alihisi damu ikimpanda masikioni. Hakuthubutu kuinua macho. Aliyaelekeza kwenye miguu ya Koleta, miguu mipana iliyopasuka visigino, akasubiri.

Koleta akainuka.

"Ni kweli," akasema. "Tunamwona kila jioni."

Wakapiga makofi tena.

Watu walipotoka, Jovitus alimfuata njiani. Alimfikia kwenye kisima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Koleta hakusimama, akaendelea na mwendo wake. Jovitus akawa anatembea nyuma yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mama, kwa nini umenifichia?"

"Sikukufichia. Nimesema tunakuona. Mzee huketi mlangoni jioni, nimemwekea gogo la kuegemea. Ndiye aliyekuona kwanza. Akasema, yule ni Fundi, anakuja. Nikachemsha chai. Ukageuka. Nikadhani umesahau kitu. Siku ya pili nikachemsha tena. Siku ya nne nikaacha kuchemsha, kuni zenyewe nakwenda kuzitafuta mbali."

Jovitus alitamani ardhi impokee.

"Na siku ya chupa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tuliona."

Kisha Koleta akageuka akamtazama usoni, na hakukuwa na hasira machoni mwake, bali uchovu tu.

"Mzee alilia siku ile, Fundi. Si kwa maziwa. Alisema, huyu mtu ananichukia kiasi gani mpaka anakuja kila siku bila kuingia kwangu?"

"Simchukii, mama. Namwonea haya."

"Hayo kamwambie yeye. Mimi si tarishi wako."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jovitus hakungoja jioni. Alipita mkaratusi bila kusimama, kwa kuogopa kwamba akisimama atageuka. Mzee Hakizimana alikuwa mlangoni, ameegemea gogo lake. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeshuka, na mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichoombwa kumshikia mwenzake.

Jovitus alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi, suruali ya kanisani na yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka.

Akasema yote. Akasema alishika mti kwa majivuno, akijua pumzi hana. Akasema alivyoambiwa ampishe mwingine akakataa. Akasema uongo aliomwambia Anold, na chakula alichosema mzee amekula, na maziwa. Alipofika kwenye maziwa sauti ilimkatika, akaimalizia sentensi akiwa ameinama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akivuta pumzi polepole.

"Uliniangusha upande wa kushoto," akasema hatimaye. "Upande huo ulikuwa umekwisha kufa. Sikuumia."

Jovitus hakujua kama acheke.

"Kungoja ndiko kuliniuma," mzee akaendelea. "Kungoja mtu unayemwona."

Kuku alipita katikati yao. Kisha Hakizimana akainua mkono wake mzima.

"Hospitali wamesema nitembee kila siku, la sivyo mguu utakauka. Koleta hawezi kunishika. Tukianguka tutaanguka wote wawili. Wewe unatembea. Niinue."

"Mzee, mimi? Itakuwaje nikikuangusha tena?"

"Basi utaniokota. Niinue."

Akamshika kwapani akamwinua. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka, na alinuka sabuni na moshi. Walitoka mlangoni mpaka kwenye mgomba wa kwanza, hatua tisa, zikawachukua muda wa kumaliza sala ndefu. Jovitus alikuwa analowa jasho, si kwa uzito bali kwa hofu. Koleta alisimama jikoni na mwiko mkononi, akiwatazama.

Jumamosi iliyofuata Jovitus alisimama mbele ya jumuiya akasema ukweli. Baadhi walicheka kwa aibu, wengine walitazama chini. Anold alisema, "Basi kumbe ulikuwa unafanya mazoezi," kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Jovitus aliomba kuachia uenyekiti na hakuna aliyembembeleza abaki, wakamchagua Anastazi. Avelina alitoka kabla ya sala ya mwisho. Kwa muda mrefu walipokutana njiani alijibu salamu yake akitazama pembeni, na Jovitus hakuona kosa la mama huyo.

Aliendelea kwenda. Alipopimwa tena zahanati presha ilikuwa imeshuka, Priscila akampongeza, naye akapokea pongezi hizo kama mtu anayepokea nguo isiyo yake. Ziko siku Hakizimana alikataa kuinuka, akamfukuza kwa maneno makali, na Jovitus alirudi nyumbani ile aibu ya zamani ikiwa mpya kabisa kifuani. Kesho yake alirudi. Hatua tisa zikawa ishirini, ishirini zikafika kwenye uzio.

Mwezi wa nne mvua kubwa ilinyesha siku nzima. Saa kumi na moja Suzan alimwambia abaki, hata mzee mwenyewe hatamtarajia. Jovitus alikaa kwanza, akasikiliza mvua kwenye bati, kisha akavaa buti za mpira. Njia ilikuwa inateleza vibaya, akachelewa. Alipofika alimkuta Hakizimana nje, peke yake, amesimama katikati ya uwanja, mkono mzima umeshika fimbo, shati limemganda mwilini kwa mvua. Koleta alikuwa mlangoni akimsihi aingie ndani, mzee hataki kusikia.

"Umechelewa," Hakizimana akasema.

Jovitus akaenda akasimama upande wake wa kushoto, akamshika.