Sanduku la Abdulatif na Kibwebwe cha Shadya

Sanduku lilikuwa jekundu, la magurudumu, na lilikaa juu ya meza ya sebuleni kama bibi harusi anayesubiri kutunzwa. Abdulatif alilinunua Kariakoo, akasafiri nalo ndani ya basi mpaka Morogoro amelipakata mapajani ili lisikwaruzwe, na siku alipoliburuta kuingia nalo nyumbani kwake Mji Mpya, majirani walidhani amepata safari ya Uarabuni. Kumbe mkewe, Shadya, alikuwa na mimba kubwa, na hilo ndilo sanduku la kwendea kujifungulia.

Ilikuwa miaka ile soko lilipoachiwa huru, na kila mwenye akili ya biashara na asiyekuwa nayo akajiita mfanyabiashara. Abdulatif alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu, wenzake wakashika majembe, yeye akafungua kibanda cha redio. Redio zenyewe zilikuwa na taa nyingi kuliko sauti, lakini zilinunuliwa, maana watu walikuwa wamechoka kunyimwa vitu na sasa walinunua chochote kinachong'aa. Yeye mwenyewe akawa mmoja wa hivyo vinavyong'aa. Alinunua pikipiki, akavaa miwani ya jua hata mvua inaponyesha, na akaanza kuitamka Dubai kama mtu anayetaja shamba la babu yake.

Basi kila mgeni aliyefika alipewa chai, kisha akafunguliwa sanduku. Ufunguo ulikaa kwenye mnyororo mmoja na ufunguo wa pikipiki. Zikatolewa poda, manukato ya kitoto, maziwa ya kopo na chupa yake, mdoli mwenye nywele za dhahabu, na taulo nene lenye picha ya simba. Mwisho kabisa vilitolewa viatu vyenye taa kwenye soli, ambavyo Abdulatif alivigonga mezani ili viwake. Mtoto hajazaliwa, lakini viatu vyake vilikwisha kuonekana na nusu ya Mji Mpya. Wageni walisema mashallah, wakarudi kwao kusema mengine.

Shadya alikuwa akikaa pembeni, mikono juu ya tumbo, akitazama maonyesho hayo kama mtu anayetazama mlevi akicheza ngoma msibani. Hakuwa na shida na poda. Shida yake ilikuwa lile benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa mlangoni mwa wodi ya wazazi. Zamani mwanamke alikwenda kujifungua na nguo zake tu, mengine akayakuta huko. Sasa Sista Devotha, mkunga wa kliniki, aliwaambia wanawake wazi bila kuzunguka kwamba hospitali imebakiwa na vitanda na mikono. Glavu uje nazo, na wembe, na uzi, na pamba, na mpira wa kutandika kitandani, na khanga safi za kumpokelea mtoto. Asiyekuja navyo ataketi benchini mpaka ndugu zake warudi kutoka duka la dawa. Mwaka uliopita Shadya alimsindikiza jirani yake Hosiana, na Hosiana aliketi pale. Mumewe alikimbilia duka la kwanza, likawa limefungwa, akakimbilia la pili, na mtoto hakumngoja. Alizaliwa palepale benchini, akadakwa na mama mfagiaji aliyetupa ufagio. Mtoto alipona. Lakini Shadya alikuwa amemshika Hosiana mabega, na uso wa Hosiana, pale mbele ya watu wanaopita na sahani za ubwabwa, haukumtoka tena akilini. Akaapa kwamba yeye atapita lile benchi bila kuligusa.

Kwa hiyo alinunua glavu na vyote alivyoambiwa, akavipanga vizuri chini ya taulo la simba. Jioni hiyo Abdulatif akaja na rafiki zake wawili, akafungua sanduku, akakuta glavu. Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Akachukua moja, akaipuliza ikavimba vidole vyote vitano, akaifunga fundo na kuirusha hewani kama puto. Rafiki zake wakaipiga kichwa. Akauliza, tena kwa sauti ya kusikika barabarani, tangu lini mke wa mfanyabiashara akaenda kuzaa na mizigo ya mganga wa ng'ombe, na hospitali gani ya serikali itakosa mpira wa kuvaa mkononi. Alipomaliza kuchezea ya kwanza, akaipuliza na ya pili.

Shadya hakubishana. Kubishana na mwanamume mbele ya rafiki zake ni kuiongezea redio sauti. Alinunua nyingine, akazificha jikoni pamoja na wembe, uzi, pamba na mpira.

Ndipo mama yake, Bi Pili, alipoteremka kutoka Mkuyuni. Alikuja na kikapu cha ndizi, na chini ya ndizi, ndani ya mfuko wa nailoni, khanga moja iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya sikio. Rangi yake ilikuwa imekwisha kwenda, maandishi hayasomeki. Abdulatif akampa shikamoo yake vizuri, na Bi Pili, baada ya kunywa maji, akamweleza mkwewe kwamba watoto wote wa nyumba yake walipokelewa katika nguo ile, Shadya akiwemo, na kabla yao yeye mwenyewe. Mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake, akasema, kwa hiyo nguo ya kumpokelea hutoka kwa mama. Abdulatif akasema ahsante mama. Akaishika khanga kwa ncha za vidole, akaiweka kando.

Asubuhi yake Shadya alitoka uani akamkuta mumewe amechuchumaa kwenye pikipiki. Alikuwa akifuta mnyororo kwa khanga ile.

"Kitambaa kizuri hiki," akasema bila kugeuka. "Kinanyonya mafuta kweli."

Bi Pili alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya binti yake, ameona yote. Alikwenda akaiokota khanga mara mkwewe alipoitupa, akauliza sabuni ya mche iko wapi, akateleka maji. Mama na mtoto waliichemsha khanga ile, wakaisugua, wakaianika, wakaichemsha tena. Ikawa safi, lakini katikati likabaki doa jeusi la grisi, pana kama kiganja. Bi Pili akaikunja doa likiwa ndani, akasema hatarudi Mkuyuni kwanza.

Uchungu ulimshika Shadya siku ya Ijumaa, saa za watu kwenda sokoni. Abdulatif akaita teksi, si kwa sababu ya haraka, bali kwa sababu sanduku lisingekaa kwenye pikipiki. Akalibeba mwenyewe mpaka garini, akalipangusa vumbi. Aliporudi mlangoni akamkuta Bi Pili na kikapu chake, kimefunikwa vizuri.

"Hicho kibaki, mama," akasema. "Kila kitu kimo sandukuni. Sitaki watu waone mke wangu anakwenda kuzaa na kikapu kama katoka gulioni."

Bi Pili akamtazama. Kisha akasema haya, baba, akamrudisha binti yake chumbani, na kufunga mlango. Glavu, wembe, uzi na pamba vikatoka kikapuni, vikaingia katikati ya khanga ile ya zamani. Mpira ukaviringishwa juu yake, na Bi Pili akachukua khanga nyingine, akamfunga Shadya kibwebwe, furushi likakaa nyuma kiunoni. Abdulatif alipiga honi ya teksi kama dereva wa basi. Walipotoka akauliza mbona mkewe amefura mgongo.

"Kiuno kinamwuma," Bi Pili akamjibu. "Nimemkaza."

Mlangoni mwa wodi, benchi lilikuwa limejaa. Wanawake watano waliokuwa wakisubiri watu wao walisogea kumpisha Shadya nafasi, wakidhani naye ni mwenzao. Hakuketi. Aliegemea ukuta, akauma mdomo, macho kwenye mlango wa ndani. Sista Devotha akauliza vifaa.

Hapo ndipo Abdulatif alipokuwa amepangojea miezi yote ile. Akalipandisha sanduku mezani, akatoa mnyororo wa funguo, akafungua taratibu, akavitoa kimoja baada ya kingine, poda, manukato, kopo la maziwa, mdoli. Viatu vilimponyoka vikaanguka sakafuni, vikaanza kuwaka taa nyekundu na kijani miguuni mwa Sista. Mwanamke mmoja benchini akamwuliza mwenzake kama huyu kaja kuzalisha au kufungua duka, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

"Glavu," akasema Sista Devotha.

Abdulatif akainua taulo la simba. Chini yake hakukuwa na kitu.

"Sista, wewe sema tu kinachotakiwa, pesa ipo."

"Pesa haivaliwi mikononi, baba. Kimbia duka la dawa. Mama akae hapo."

Alionyesha benchi. Abdulatif, jasho likimtoka chini ya miwani, akamgeukia mkewe na kumwuliza mbele za watu kwa nini hakuweka vitu vya muhimu, mwanamke mzima.

Shadya akangoja uchungu upite. Ulipopita akasema, polepole, ili kila aliyekuwa pale asikie, "Niliweka. Ukazipuliza."

Kisha akampa mama yake mgongo. Bi Pili akafungua fundo la kibwebwe, akatandaza furushi mezani, juu ya poda. Sista Devotha akakagua. Glavu, wembe, uzi, pamba, mpira, khanga. Akamshika Shadya mkono, akafungua mlango wa ndani, na kabla hajaufunga akamwambia Abdulatif aondoe duka lake mezani, kuna wenye kazi.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alasiri. Msichana, mwenye sauti kuliko redio zote za Mji Mpya. Sista alimpokea katika khanga ya zamani, akampa Bi Pili atoke naye akaonwe na baba yake. Shadya alibaki amelala, amechoka, masikio yakiwa mlangoni. Alisikia sauti ya mumewe mara moja tu, ndogo, kisha magurudumu ya sanduku yakilia kwenye korido, yakienda zake.

Bi Pili akarudi, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, doa jeusi likiwa juu kabisa.

"Amesemaje?" Shadya akauliza.

"Alikuwa amelikunjua taulo lake, anataka tumfunge humo. Nikamwambia mtoto amekwisha kupokelewa. Akaiangalia nguo, akaitambua. Akaniuliza kama hilo doa litatoka."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia halitoki. Hata mjukuu wake atapokelewa nalo."

Shadya akacheka, na kucheka kukamwuma, na akaendelea kucheka.