Breki za Gari la Baba

Kuna magari ya kubeba watu na magari ya kubeba maringo. Gari la babake Bi Spana lilikuwa la aina ya pili: viti viwili tu, pua ndefu, rangi ya damu ya mzee, na umri wake ulimzidi binti mwenyewe. Baba alikuwa fundi cherehani mstaafu. Alilinunua enzi zile mabibi harusi wa mji mzima walipokuwa wakimgombea. Lilikimbia vizuri, kusimama ndiyo ilikuwa kazi.

Breki zake zilikuwa za ngoma, za kizamani, na zikipata moto mteremkoni zililegea kama ahadi ya mlevi. Kwa hiyo gari lile halikuendeshwa na mtu mmoja. Baba alikanyaga pedali. Mama, kwenye kiti cha pili, aliweka kiganja juu ya breki ya mkono. Baba akisema "sasa", mama anavuta. Kila kona waligombana kama neno ndilo lililochelewa au ni mkono. Mama alipofariki, kiti kikarithiwa na binti. Kila Jumapili alasiri simu ililia: "Mama, uko wapi? Gari linakungoja." Alimwita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, na binti alikwenda.

Lakini Bi Spana hakupewa jina lile bure. Alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilipochanganya, wateja hawakujua Jumapili wala sikukuu. Wiki moja akachelewa, nyingine akaghairi. Baba hakulalamika. Jirani ndiye aliyemwambia binti kwamba mzee hukaa barazani amevaa viatu hadi jua lizame, kisha huvivua na kuingia ndani. Maneno hayo yalimchoma.

Akalitazama jambo kwa jicho la fundi: tatizo ni breki. Akili ya fundi ina ugonjwa wake. Ikiona kitu hakifanyi kazi sawasawa, haiulizi kama kuna mtu anakipenda hivyo hivyo.

Kazi aliifanya kwa moyo wote. Alitoa diski na kalipa, yaani vibanio vyake, kwenye gari jipya zaidi lililogongwa ubavuni, akamwomba fundi wa kukereza vyuma amchongee vishikizo vya kuzibana, akabadilisha mabomba na mipira yote, akaongeza na kifaa cha kuupa mguu nguvu. Zile ngoma kuukuu alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu bila kuzitazama mara mbili. Mwisho ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, kazi inayotaka watu wawili, mmoja kwenye pedali na mmoja chini gurudumuni.

"Kanyaga, baba."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie mpaka niseme."

"Mguu huu umekanyaga cherehani kabla hujazaliwa, leo unafundishwa kukanyaga?"

Binti alicheka kule chini, mafuta ya breki yakimtiririkia kiganjani na mapovu yake. Walifanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu, na wote wawili walikuwa na furaha.

"Sasa hizi zikikamilika," baba aliuliza, "wa kuvuta breki ya mkono atakuwa na kazi gani?"

"Hana kazi tena. Utakwenda peke yako popote unapotaka. Humngoji mtu."

Baba aliweka mguu juu ya pedali. "Haya," akasema. "Nikanyage tena?"

Binti aliipokea "haya" ile kama shukrani. Walipolijaribu, gari lilisimama limenyooka, na baba akamsifu kwamba ana mkono mzuri. Tangu siku hiyo simu ya Jumapili haikulia tena. Mwanzoni kimya kile kilimpa Bi Spana raha, na baadaye alikuja kuionea haya raha hiyo. Alidhani mzee anatembea zake.

Miezi ikapita. Jumapili moja mteja hakutokea, naye akaenda kwa baba bila kupiga simu. Alikuta gari liko nje limeoshwa, na daktari wa meno wa mtaa wa pili ameketi kwenye usukani akirekebisha kioo.

"Umewahi, mama," baba alisema. "Daktari analichukua. Nimemuuzia."

"Umemuuzia? Mbona hukuniambia, baba?"

Baba alimvuta kando, karibu na ukuta. "Tangu umalize kazi nimelitoa mara moja tu. Nilifika kituo cha mafuta, nikageuza. Peke yangu naenda wapi?"

"Si ungeniita."

"Nikuite uje kufanya nini? Ulisema simngoji mtu."

"Nilitaka usihangaike."

"Najua, na kazi ni nzuri. Lakini unadhani sisi hatukujua kuwa breki zile zinabadilishika? Mafundi walituambia toka uko tumboni. Mama yako ndiye aliyekataa. Alisema siku gari hili litakaposimama lenyewe, nitaanza kuondoka bila yeye."

"Ungeniambia hivyo hivyo," binti alisema.

"Ningesemaje? Kwamba niachie ubovu wangu ili uje Jumapili? Mzazi hasemi hivyo."

Majuto ni mjukuu. Bi Spana alitamani alale chini ya gari lile afungue kila nati aliyoikaza kwa mikono yake. "Mwambie umeghairi," alisema. "Nitakuja kila wiki, hata lisipowaka."

"Neno limeshatoka, mwanangu. Nawe una wateja wako." Alisema bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Daktari aliwasha gari, akawapungia mkono, akaliteremsha mteremkoni. Kule chini mpira wa watoto ulikatiza barabara. Gari likasimama pale pale, bila mlio, likasubiri mpira upite, kisha likaendelea.

"Umeona?" baba alisema. "Hata halikutikisika."

Bi Spana akaitikia kwamba ameona.