Kibao cha Fermín

Nitaanza na kosa langu, maana waliolisikia kwa wengine wamelisikia limepinda. Nilikigeuza kibao cha mwenzangu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikaenda zangu kula supu ya dengu.

Kituoni kwetu, kule ncha ya kusini ya dunia, kwenye barafu, mlangoni pana ubao wenye misumari kumi na moja, na kila msumari una kibao chenye jina la mtu. Ukitoka, unageuza upande mwekundu. Ukirudi, mweupe. Hata ukienda kumwaga taka hatua ishirini tu, unageuza. Wanasayansi wanageuza, mpishi anageuza, mkuu wa kituo anageuza. Aliyetushinda ni mmoja tu, Fermín Oyarzo, fundi umeme.

Hakuwa mkaidi. Kichwa chake kilibaki kwenye nyaya. Alikuwa akirudi ndani, anavua buti, anakwenda kulala, na kibao kinabaki chekundu, nasi tunahangaika kumtafuta mtu anayekoroma. Mimi Evaristo, fundi bomba, mwenye miaka hamsini na sita na hasira za karibu, ndiye niliyekuwa nikimgeuzia. Ikawa mazoea: napita mlangoni, naona wekundu, nageuza, namtukana, naendelea na safari.

Jumatatu moja ya Juni nikachoka. Nikamvaa mezani, mbele ya watu wote.

"Wewe Fermín, una watoto wangapi?"

"Wawili, mzee. Si unajua?"

"Majina yao unayakumbuka?"

Watu wakaangua kicheko. Nicanor, mpishi wetu, akagonga meza kwa mwiko. "Mwandikie mkononi, Evaristo! Na jina la mkewe pia, asije akalala kwa jirani!"

"Mimi sitanii," nikasema. "Siku utakayokuwa nje kwelikweli, ndugu yangu, hakuna atakayekiamini hicho kibao chako."

Fermín akainamisha uso. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nimekusikia, mzee. Sitasahau tena."

Jumatano, saa nane mchana, giza lilikuwa lile lile, maana jua tulikuwa hatujaliona tangu mwisho wa Aprili. Mkuu wetu, Otilia Barrientos, akatangaza kwamba tufani inakuja, watu wote wawe ndani, na saa tisa anafunga mlango. Nikapita ubaoni. Vibao kumi vyeupe, kimoja chekundu. Cha nani tena?

Nilicheka kwa hasira. Hata siku mbili hazijatimia! Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa na zamu ya majenereta, kwa hiyo saa hizo alikuwa amelala. Ndivyo nilivyosema moyoni, kwamba amelala. Kutoka pale hadi chumbani kwake ni hatua kumi na mbili. Sikuzipiga. Nikageuza, nikamtukana kama kawaida, nikafuata harufu ya dengu.

Otilia akaja, akautazama ubao, wote mweupe. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, akatia komeo. Taa ya nje akaizima.

Tulikuwa katikati ya supu mabomba yalipoanza kugonga ukutani. Ko, ko, ko.

"Fundi," Nicanor akasema, "mabomba yako yamepandwa na mashetani."

"Hewa hiyo," nikajibu, mdomo umejaa mkate. "Baridi ikizidi hewa hunaswa ndani, ndiyo inayogonga. Kesho nitaitoa."

Waliniamini. Nani atabishana na mtu aliyefanya kazi ya bomba miaka thelathini? Yaligonga tena, nikaomba niongezewe supu.

Saa kumi na moja ni saa ya mate, chai yetu chungu, na kwetu mgawaji ni mmoja. Yeye ndiye anayechemsha maji, anakunywa wa kwanza, kisha anamjazia kila mtu kwa zamu kwenye kibuyu kimoja. Mgawaji wetu alikuwa Fermín, na birika lake halikuguswa na mtu mwingine. Siku hiyo tulikaa mbele ya birika baridi tukitazamana.

"Kamwamshe huyo bwana harusi," Nicanor akaniambia.

Nikaenda na tusi langu tayari. Nikasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka. Koti halikuwepo. Buti hazikuwepo.

Nilisimama pale nikikitazama kile kitanda. Juu ya kichwa changu bomba likagonga: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya.

Hewa haijui kuhesabu.

Sijui nilipiga kelele gani. Nicanor anasema hakuwahi kusikia mtu mzima akilia namna ile. Otilia alikuwa mlangoni kabla yangu, anavuta komeo. Kuna kamba iliyofungwa kutoka jengo kubwa hadi kibanda cha tangi la maji, ambako mabomba yote yanaanzia, hatua sitini, na tuliipita kwa magoti, upepo ukitulaza kila tukiinuka. Theluji ilikuwa imejaa mlangoni pa kibanda hadi kifuani, na mlango ule hufungukia nje. Tulichimba. Nilichimba kwa koleo, na koleo lilipovunjika nikachimba kwa mikono.

Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea bomba langu. Spana alikuwa ameifunga kwenye kifundo cha mkono kwa waya, maana vidole vilikuwa havishiki tena. Nyaya zilizokuwa mbele yake zilinieleza yote. Waya unaopasha joto bomba ulikuwa umekatika, naye alikuja kuuunga ili maji yangu yasigande. Kazi ile haifanyiki na glavu. Redio yake ya mkononi ilikuwa imezimika kwa baridi. Alikuwa hai, na macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakunijua.

Daktari wetu alihangaika naye hadi kesho yake. Vidole vinne, akasema, havitapona. Fundi umeme, vidole vinne!

Alipoweza kuzungumza, Otilia akaingia na daftari la kituo. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka.

"Fermín, kibao chako kilikuwa cheupe. Ningekiona chekundu nisingefunga. Lazima niliandike hili. Utaondoka na meli ya kwanza, na sidhani kama watakurudisha huku."

Mimi nilikuwa kando ya kitanda, nimeshika kibuyu cha mate, maana mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha.

"Mkuu, nakumbuka nilikigeuza," Fermín akasema polepole. "Nakiona kabisa, kidole changu hiki... Au ilikuwa siku nyingine? Sijui. Hiki kichwa changu sasa sikiamini hata kidogo." Akanigeukia. "Nisamehe, mzee Evaristo. Uliniambia mbele ya watu, na bado nikasahau."

Sitadanganya. Nilifikiri kunyamaza. Nani angejua? Mlangoni palikuwa na mimi na ubao tu. Niliendelea kuwaza hivyo mpaka kibuyu kikaanza kuniunguza mkono, na aibu niliyoisikia siku ile bado ninayo.

"Aligeuza," nikasema.

Otilia akainua kalamu. "Unasemaje?"

"Kilikuwa chekundu. Nilikikuta chekundu saa nane, nikadhani amesahau, nikakirudisha cheupe. Sikwenda kuchungulia chumbani kwake. Na yale mabomba... nilisema ni hewa. Ni mimi, Mkuu. Niandike mimi."

Nikamtazama Fermín, nikangoja tusi, nikangoja anitemee mate usoni, na ningeshukuru. Yeye alikuwa akiitazama mikono yake iliyofungwa. Machozi yakamtoka, na sikuyaelewa machozi yale mpaka alipozungumza.

"Kwa hiyo nilikumbuka," akasema.

Akamgeukia Otilia. "Andika hivyo, Mkuu. Andika kwamba nilikumbuka."