Koti la Baba Katika Mablanketi Manne

Koti lilikatwa. Halikuliwa na nondo wala halikuibwa. Lilikatwa kwa mkasi, vipande vya mraba, na aliyelikata ni dada yake wa tumbo moja.

Fundi Misumari aliligundua jambo hilo Jumatano mchana, chumbani kwa dada yake, amesimama mikono inaning'inia kama mtu aliyenyang'anywa mzigo njiani. Alikuwa amekwenda kuchukua koti lake. Jumamosi binti yake anaolewa, na alitaka kumsindikiza amevaa koti la sufu la marehemu baba yake. Koti lenyewe halikuwa na ugonjwa mkubwa, bitana tu ilikuwa imechanika kwapani. Dada mtu ni fundi cherehani. Kutia bitana kwake ni kama kumenya kitunguu.

Badala ya koti, akatandaziwa blanketi.

"Hili lako," dada alisema, akilikunjua juu ya cherehani. "Nimekupa kola nzima. Hakuna mwingine aliyepata kola."

Lilikuwa blanketi la viraka, zito, limeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama nyayo za sisimizi. Mlikuwa na mashati ya baba yenye mistari, suruali yake ya kaki, na aproni nyeupe aliyokuwa akivaa kazini, maana mzee alikuwa kinyozi. Na katikati ya vyote hivyo, kijivu cha koti. Misumari alikitambua kama mtu anavyotambua uso wa nduguye kwenye umati, kabla hata jina halijamjia mdomoni.

"Hii ni nini?"

"Kola. Si unaiona?"

"Nakuuliza hii ni nini!"

"Ni kola ya koti la baba. Na usinipigie kelele, mimi si kochi la karakanani kwako unigonge gonge."

Ilivyotokea ni hivi. Baada ya kumaliza msiba wa mzee, dada aliwaambia watu wa nyumbani: kila mwenye nguo ya baba ailete, nitashona mablanketi manne. Moja la mama, moja langu, moja la ndugu yangu, na moja zawadi ya binti yetu anayeolewa. Huyo dada ana msimamo wake katika kazi. Wateja huwashonea kitambaa chochote wanacholeta, lakini mtu anayempenda hamshonei cha dukani. "Kitambaa cha dukani hakimjui mtu," ndivyo anavyosema, na ukimbishia anakurudishia kitambaa chako.

Misumari aliafiki. Akatafuta mashati mawili ya mzee na ile aproni, akayatia kwenye mfuko. Halafu, kwa kuwa alikuwa anakwenda huko huko, akaona heri koti nalo liende likatiwe bitana. Akalitia kwenye mfuko ule ule. Alipofika dada hayupo, yupo shemeji anasikiliza redio. Misumari ni fundi wa makochi, na kutwa nzima hufanya kazi misumari imejaa mdomoni, ndiyo asili ya jina lake. Mtu wa namna hiyo huzoea kusema maneno machache. Akamkabidhi shemeji mfuko.

"Mpe mkeo. Anajua cha kufanya."

Akaondoka. Na kweli, dada alijua cha kufanya.

"Nilileta litiwe bitana!" Misumari alifoka sasa. "Bitana! Kwapani hapa!"

"Mfuko mmoja, nguo za baba, mwezi wa kuleta nguo za baba. Ulitaka nipige ramli?"

"Koti unalijua. Umeniona nalo miaka yote hii, misibani, shuleni kwa watoto, kila mahali. Unaanzaje kuchukua mkasi bila kuniuliza?"

"Nililijua, ndiyo. Ndiyo maana nililia." Dada akavua miwani. "Nililia kwenye kiti hiki hapa, muulize shemeji yako. Nikamwambia, tazama, leo ndugu yangu ameona aibu, ameamua kugawa."

"Aibu ya nini?"

"Ya kulikalia peke yako koti la mtu aliyezaa wawili."

"Aliniachia mimi!"

"Alikuachia lini? Miaka ile alipoanza kulala kitandani, koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, wewe ukawa wa kwanza kufika mlangoni. Huko ndiko kuachiwa?"

"Mimi ndiye mtoto wa kiume."

"Haya, mtoto wa kiume. Baba aliposhindwa kujigeuza kitandani, nani alikuwa akimgeuza? Nani alikuwa akifua yale mashuka? Koti?"

Mtu mwenye hasira hutafuta kitu cha kushika. Misumari akalishika blanketi.

Msomaji asije akadhani hakuwa na haki. Haki alikuwa nayo. Kitu chako ni chako, na anayetaka kukikata hufungua kwanza mdomo akauliza, hata kama ni fundi, hata kama ni dada, hata kama amelia kwenye kiti. Kuuliza hakuchoshi. Angemtuma mtu karakanani, ni mwendo wa kuvuka soko tu: "Hili nalo nikate?" Neno moja. Lakini dada hakuuliza, kwa sababu jibu alilolitaka alikuwa tayari amejipa mwenyewe.

"Narudisha koti langu," Misumari alisema.

"Unarudisha nini?"

"Kilichoshonwa hufumuliwa. Ndiyo kazi yangu. Nimefumua makochi yaliyokuwa yamekaliwa na vizazi vitatu, nikayarudisha kama yametoka dukani."

Dada akacheka, kicheko kikavu. "Kufumua ungefumua kama ningeshona tu. Mimi nimekata, mdogo wangu. Kata na shona ni vitu viwili. Hata mwanagenzi analijua hilo."

Hakumsikiliza. Aliingia chumba cha pili, akalivuta blanketi la dada mwenyewe kitandani.

"Hilo langu!"

"Na koti lilikuwa la nani?"

Shemeji alizima redio. Akasimama mlangoni, akamtazama mkewe, akamtazama shemeji yake, na kwa busara ya mtu aliyekaa na fundi cherehani huyo miaka mingi, akasogea pembeni.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mama yao. Bi mkubwa alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa blanketi lake, anachambua mchele kwenye sinia. Miguu yake haishiki joto siku hizi, jua liwake lisiwake. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, na mkono wake haukuacha kuchambua.

"Kwa hiyo watu wazima wawili mnagombea nguo ya kinyozi."

"Mama, si nguo. Ni vile hakuniuliza!"

"Nimekusikia. Hakukuuliza. Amekosa." Akatupa jiwe dogo sakafuni. "Na wewe, umekuja kuniuliza au umekuja kuchukua?"

Misumari akatazama ukutani.

"Basi chukua. Usinisimamie hapo kama askari wa kodi. Na ukianza kulia nakuchapa, mkono bado ninao."

"Nitakuletea jingine, mama. Zuri. La dukani."

"La dukani," mama alisema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Blanketi la nne lilikuwa nyumbani kwake mwenyewe, limeletwa asubuhi ile akiwa karakanani, limekunjwa juu ya masanduku ya binti. Mkewe alimwona akilibeba.

"Baba watoto, hiyo ni zawadi ya mtu."

"Ni koti langu."

"Hasira ni hasara, mume wangu."

"Methali waachie wanafunzi. Mimi nadai haki yangu."

Alhamisi hakupokea kazi. Alifunga nusu ya mlango wa karakana, akasukuma pembeni kochi la mteja lililokuwa limevuliwa nguo, akayatandaza mablanketi manne juu ya meza ya kukatia sponji. Akachukua wembe. Kwa kweli alikuwa fundi. Nyuzi zilikatika moja moja, viraka vikatoka vizima, pamba ya kujazia akaikunja pembeni. Mashati hakuyajali, aliyatupa chini. Alichotaka ni kijivu peke yake. Alifanya kazi akinung'unika, misumari haimo mdomoni lakini meno yameumana vile vile. Hakuniuliza. Mimi mwenyewe niko hai, si marehemu, nina miguu, nina masikio. Hakuniuliza.

Alipomaliza kufumua, alivipanga vipande vya kijivu mezani kwa umbo la mtu: kola juu, mabega, kifua, mikono huku na huku. Mwanzoni moyo ulimpanda. Lilikuwepo! Lilikuwa limelala pale chali, kama baba mwenyewe. Kisha akaanza kusogeza kipande kwa kipande vikutane, na hapo ndipo akaona alichoambiwa.

Havikukutana. Dada, ili apate miraba iliyo sawa, alikuwa amepunguza kila ukingo. Mviringo wa kwapa ulikuwa umenyooshwa. Mikono ilikuwa imekatwa pingili pingili kama muwa. Na vile vijisehemu alivyopunguza hakuvitupa, maana huyo hatupi kitu cha baba yake. Alivichanachana akavichanganya na pamba. Koti lililobaki lilikuwa ndani ya ile pamba, nyuzi nyuzi, na hakuna fundi wa dunia hii angeweza kuzitenga.

Mtu mwingine angekaa chini. Misumari alichukua sindano ya makochi, ile ya kupinda, akashona. Akashona kutwa, uzi mnene, mshono wa kukaliwa na watu. Alipomaliza akaingiza mkono wa kulia. Ukakwama kwenye kiwiko. Lilikuwa koti la mtoto wa shule, lenye makovu, kola yake kubwa kuliko mabega.

Binti yake alimkuta hivyo hivyo, mkono mmoja ndani. Alikuwa ametumwa amwite kula. Aliangalia mashati ya babu yake sakafuni, akaangalia meza.

"Baba, hilo si blanketi langu?"

"Lilikuwa koti la babu yako. Shangazi yako alilikata."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniita kabla hajakata. Akaniuliza nataka kipande cha wapi. Nikamwambia cha kifuani, upande huu, maana babu akinibeba ndipo nilipokuwa nikisinzia." Akaokota kiraka kimoja sakafuni. "Nilidhani umekubali. Nilidhani umelitoa kwa ajili yangu, basi nikawa nimejiandaa nikushukuru Jumamosi mbele ya watu."

Misumari alijaribu kuutoa mkono, ukagoma.

"Wewe alikuita akakuuliza," alisema. "Wewe. Mimi mwenye koti hakuniuliza."

"Nawe umeniuliza?"

"Mwanangu, haki yangu..."

"Kipande changu ni kipi sasa?"

Akatazama. Alikuwa amevigeuza, amevikunja, amevipindua, na kwa uzi ule mnene hakujua tena cha kifuani ni kipi na cha mgongoni ni kipi. Binti akatoka. Hakukumbuka kumwambia kwamba chakula kiko tayari.

Ijumaa mke wake alikwenda kwa dada na gunia: viraka vyote, pamba yote, na lile koti la ajabu. Akamwomba wifi yake ashone walau moja, la bibi harusi. Dada alifungua gunia, akatia mkono, akaushika ule mshono wa makochi.

"Wifi, mimi sina ugomvi na wewe, wala na mtoto," alisema. "Lakini nguo ya baba nimeishonea mkono mpaka vidole vimeota sugu. Nikishona tena, nitakuwa namshonea mwenye wembe. Rudi nalo."

Akarudi nalo.

Jumamosi binti aliolewa. Misumari alimsindikiza akiwa na shati jeupe, bila koti, na watu waliomjua walimuuliza la mzee liko wapi. Akawajibu kwamba lilikatwa bila yeye kuulizwa, na akalieleza kwa sauti, kwa kila aliyeuliza, na kila aliyesikia alimpa haki. Ndiyo, ni kosa. Ndiyo, angekuuliza. Wakamgonga gonga begani, wakaenda kula.

Hasara yenyewe ni hii. Koti moja, halivaliki. Mablanketi manne, halipo hata moja la kujifunika. Mama analala na la dukani na miguu haipati joto. Binti amehamia kwa mumewe bila kitu cha babu yake, na alipoondoka alimshukuru mama yake tu. Shemeji akipita karakanani husalimia kwa kunyanyua mkono, hasimami. Na dada hamsemeshi. Dada alikuwa naye mmoja tu.