Mifupa ya Migombani kwa Ntabaza

Afande Mukandayisenga alitamani ardhi ipasuke immeze alipoingia uani kwa Mzee Ntabaza, kule Nyakabuye, akiwa na Nabintu, mtaalamu wa mambo ya kale.

Mwezi uliopita mifupa ya mtu ilifukuliwa migombani kwa mzee. Jirani mmoja alikuwa amepotea miaka mingi, basi afande hakungoja uchunguzi: alimtia Ntabaza pingu mbele ya wajukuu wake na kumwita muuaji. Vigae vya chungu vilivyolala kando ya mifupa alivipiga teke. Takataka! Nabintu ndiye aliyekuja kuviokota, akavipima umri pamoja na mifupa. Marehemu yule alizikwa na watu wake, kwa heshima zote, zaidi ya miaka elfu iliyopita.

"Mzee, nilikukosea," afande alisema, macho chini. "Unisamehe."

Ntabaza alimimina pombe ya ndizi kwenye kibuyu. Huku mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni ajue haina sumu. Lakini afande, apate kuonyesha kwamba anamwamini, alinyoosha mikono miwili akipokee kabla hakijaonjwa.

Mzee akakivuta nyuma, akiwatupia jicho wajukuu wake waliosimama mlangoni.

"Hapana, maman. Batoto banaangalia."

Akapiga funda, akameza, akaachama mpaka ulimi ukaonekana wote, kama mgonjwa mbele ya daktari. Ndipo akampa kibuyu.

"Sasa kunywa. Muuaji ameonja."